Farasi Yuko Wapi?

Jumapili moja asubuhi, ukingoni mwa msitu wa Ngong, nilikuwa nimempeleka mpwa wangu kwenye somo la kupanda farasi. Ilikuwa zawadi ya kuzaliwa kutoka kwa shangazi yake aliye ng'ambo, ambaye hakujisumbua kuuliza ni nani angegeuka dereva. Farasi sita walikuwa wakirejea kwa mwendo wa pole wakati kanga alipochomoka kichakani. Farasi wa tatu akaruka kando. Msichana wa miaka kama 14 aliyekuwa mgongoni akabaki hewani, kisha akaangukia bega. Farasi akageuka, vigwe vikimning'inia, akatimka shoti kuelekea barabarani.

Sisi tuliokuwa langoni, yaani wazazi watatu, muuza mahindi na vijana wawili wa bodaboda, tulipiga ukelele mmoja: "Farasi! Mshikeni farasi!" Nami nilipiga, siwezi kukana. Hakuna aliyetaja mtoto.

Saisi alikuwa mbele, akimwongoza farasi wa mpwa wangu kwa kamba. Ni mzee mfupi mwenye makoti mawili, la juu limechanika kwapani. Hakumkimbilia farasi. Hakumkimbilia hata mtoto. Aliinua mkono, akawaambia wale wengine kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Simameni. Vuteni vigwe kidogo. Hakuna kumfuata." Alipoona wote wametulia, akamkabidhi msaidizi wake ile kamba, ndipo akatembea hadi kwa aliyelala, akapiga magoti, akamshika kichwa kwa viganja viwili ili kisigeuke, akaanza kuzungumza naye. Mama mmoja alikuwa tayari ana chupa ya maji mkononi. "Mama, hapana maji. Na asiinuliwe," alisema mzee bila kumtazama.

Kijana mmoja wa bodaboda, kwa nia njema kabisa, aliwasha pikipiki amwahi farasi. Farasi aliposikia ngurumo nyuma yake akaongeza mbio, akapotea kwenye kona.

Mtoto alikuwa amevunjika mtulinga, basi. Farasi alipatikana saa moja baadaye nje ya zizi lake mwenyewe, akila ua la jirani, kigwe kimoja kimekatika na mguu una mchubuko. Lakini kabla hajapatikana, simu ya mzee ililia. Alikuwa bado amemshika mtoto kichwa, kwa hiyo msaidizi akaipokea na kuiweka sauti ya juu. Aliyepiga alikuwa mwenye farasi, ambaye mtu fulani alikwisha kumpasha habari. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Farasi yuko wapi?"

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, China, zizi la Confucius liliungua akiwa kazini. Aliporudi aliuliza kama kuna mtu aliyeumia. Wanafunzi wake waliohifadhi kisa hicho waliongeza jambo moja tu, kwamba kuhusu farasi hakuuliza. Wakati huo farasi alikuwa mali ya wakubwa, na waliolala zizini walikuwa watumishi, kwa hiyo swali lile lilikuwa na uzito wake. Kinachonifurahisha ni yaliyofuata. Maandishi ya kale ya Kichina hayakuwa na alama za kituo, na baadaye wakatokea wasomaji walioona haya kwamba mwenye hekima hakuwahurumia wanyama. Wakasogeza pumziko neno moja mbele, na sentensi ikabadilika: aliuliza kama kuna mtu aliyeumia, akaambiwa hapana, kisha akauliza kuhusu farasi. Mimi nadhani waliosogeza kituo walikuwa wanajisumbua bure. Mtu anayeuliza kuhusu farasi katika nafasi ya pili hana deni kwa yeyote.

Hata hivyo nisijifanye kwamba jambo lenyewe ni jepesi kiasi hicho, eti mtu ni mtu na mnyama ni mnyama, tumemaliza. Wanaoishi na farasi hawamkimbilii farasi aliyeponyoka kwa sababu ya bei yake pekee. Farasi mkubwa wa kupandwa ana uzito wa karibu kilo 500, na wa mashindano huweza kupita kilomita 60 kwa saa. Ni mnyama aliyeumbwa kuliwa na simba. Anaposhtuka hukimbia kwanza, na akili humfuata nyuma. Punda si hivyo. Wenzetu wa Lamu wanaoshindana na punda pale pwani siku za Maulidi wanajua kwamba punda akiingiwa na shaka husimama kama nguzo, na ukimpiga anazidi kuwa nguzo. Ukianguka kwenye punda unachekwa, unapanda tena. Farasi akikuangusha anaondoka na hofu yake, na hofu hiyo huambukiza.

Mfano unaotajwa sana ni wa tarehe 8 Aprili 1967, katika mbio za Grand National kule Aintree, Liverpool. Farasi 44 walianza. Mmoja wao, Popham Down, alimpoteza mpandaji wake kwenye kizuizi cha kwanza kabisa, lakini farasi hapendi kuachwa na kundi, kwa hiyo aliendelea kukimbia pamoja na wenzake bila mtu mgongoni. Walipofika kizuizi cha 23, ambacho ni miongoni mwa vifupi kuliko vyote katika uwanja ule, Popham Down hakutaka kuruka. Akakata kulia na kupita mbele ya wenzake. Waliokuwa nyuma wakagongana, wakarundikana, wengine wakarushwa upande wa pili bila farasi wao. Aliyepenya ni Foinavon, ambaye alikuwa nyuma kiasi kwamba mpandaji wake, John Buckingham, alipata muda wa kuona upenyo. Walishinda, na waliokuwa wamemwekea dau walilipwa mia kwa moja. Leo kizuizi kile kinaitwa Foinavon. Yule aliyesababisha yote hakupewa hata kichaka.

Kwa hiyo anayesema "mshikeni farasi" ana hoja. Kama barabara ya lami iko mita 200 mbele, na matatu zinapita zimejaa watu, kilo 500 zinazokimbia bila dereva si mali iliyopotea. Ni ajali ya pili iliyo njiani. Isitoshe, kuna wakati kumshika farasi ndiko kumwokoa aliyeanguka. Mguu ukinasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, mpandaji haanguki. Anaburutwa, kichwa chini, kwato zikipita kando ya sikio lake. Hapo hakuna wa kwanza na wa pili, kwa sababu farasi na mtu ni tatizo moja. Ndiyo maana matandiko mengi yana ndoano ambayo huachilia mkanda wa kikuku ukivutwa nyuma, na viatu vya kupandia farasi vina kisigino ili mguu usitumbukie wote.

Ila tazameni vizuri yule mzee alifanya nini. Farasi aliyekuwa hatari zaidi pale hakuwa yule aliyekwisha kukimbia. Walikuwa wale watano waliobaki, wenye watoto juu. Kumfukuza mmoja kungewatimua watano. Hilo ndilo tusilolijua sisi wa langoni, na ndilo analolijua kila saisi: farasi aliyeponyoka akifukuzwa anapata sababu mpya ya kukimbia, na wenzake wanaona huenda kuna simba kweli. Ukimwacha, mara nyingi atafanya moja kati ya mambo mawili. Atarudi kwa wenzake waliosimama, au atarudi nyumbani kwenye chakula. Anayetaka kumshika humwendea kwa ubavu, si kwa mbele wala kwa nyuma, taratibu, macho chini, mkononi ana nyasi au ndoo yenye punje mbili tatu za kupigisha kelele. Ni kazi ya mtu asiye na haraka. Basi ikiwa kumshika farasi vizuri kunahitaji mtu asiye na haraka, na aliyeanguka anahitaji mtu sasa hivi, sioni kwa nini mpangilio uwe na utata.

Maana kwa aliyeanguka, dakika ni kitu cha kuhesabiwa. Tarehe 27 Mei 1995, huko Culpeper, Virginia, mwigizaji Christopher Reeve, ambaye ulimwengu ulimjua kama Superman, alikuwa kwenye mashindano. Farasi wake alikikaribia kizuizi, akabadili nia, akasimama ghafla. Reeve aliendelea mbele bila farasi, mikono imenaswa kwenye hatamu, akatua kwa kichwa. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zilivunjika, na pumzi ikasita palepale. Aliishi miaka tisa zaidi, hadi Oktoba 2004, amepooza kuanzia shingoni lakini akisema, akiandika, akichangisha fedha za utafiti wa uti wa mgongo, hata akiongoza filamu. Miaka yote hiyo tisa ilitokana na dakika chache ambazo watu waliojua la kufanya walimfikia na kumpa pumzi. Farasi wake alikuwa mzima. Angeweza kusubiri hadi jioni.

Natambua kwamba wako waliolelewa katika desturi nyingine. Miongoni mwa wawindaji wapanda farasi wa Uingereza, muungwana alikuwa yule anayemkamata farasi wa mwenzake aliyeanguka na kumrudishia. Anayempita farasi mtupu na kuendelea na uwindaji wake alionekana mshenzi. Lakini hapo mpandaji huwa ameshasimama anajipangusa matope, na nyumbani ni kilomita 15. Kumletea farasi ndiyo huruma yenyewe. Kwa askari wa vita vya farasi ilikuwa zaidi ya hapo, kwani askari aliyebaki kwa miguu katikati ya uwanja wa mapigano hakuhitaji bandeji, alihitaji mgongo wa kumwondoa.

Desturi hizo za vitani ziliingia michezoni na kukaa humo kuliko zilivyostahili. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Luteni Konrad von Wangenheim wa Ujerumani alianguka, akavunjika mtulinga, akamfuata farasi wake Kurfürst, akapanda tena na kumaliza vizuizi vyote vilivyosalia. Kesho yake akaingia uwanjani na mkono uliojeruhiwa, farasi akaanguka naye tena, akapanda tena. Timu ya Ujerumani ikapata dhahabu na yeye akawa shujaa. Mtulinga, kama wa yule mtoto wa Ngong. Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hiki aliniuliza kama hakukuwa na mtu mzima pale wa kumzuia. Imechukua muda, lakini watu wazima walifika: tangu mwishoni mwa 2009, mbio za farasi za Uingereza zinamkataza mpandaji aliyeanguka kupanda tena na kuendelea na mbio. Na pembezoni mwa njia, gari la daktari hufuata kundi, huku kazi ya kukamata farasi waliopoteza watu ikiwa ya watu wengine kabisa. Wenye uzoefu wa miaka mingi hawakulijibu swali letu kwa falsafa, waliongeza mikono. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wenzetu wakaajiri mtu wa pili.

Polo, ambayo huchezwa Nairobi na Gilgil, ina sheria ambayo mgeni huiona ya ajabu. Mchezaji akianguka peke yake, mwamuzi hana haja ya kusimamisha mchezo papo hapo, isipokuwa akiona ameumia au yuko hatarini. Farasi akianguka, filimbi inapulizwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Kisha nikatafakari: mtu anayeanguka kutoka kwa farasi aliyesimama imara anaweza kuinuka na kuomba radhi. Farasi akienda chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu yuko chini yake. Bado sina hakika kama hasira yangu imeisha yote.

Sababu ya hasira hiyo ni kwamba nimeona mara nyingi mno macho yanavyokwenda yenyewe kwa farasi, bila sheria wala hoja. Tarehe 24 Aprili 2024, katikati ya London, farasi wa kikosi cha walinzi wa Mfalme walishtushwa na kifusi kilichomwagwa kutoka juu kwenye jengo lililokuwa likijengwa. Askari kadhaa waliangushwa na kuumia. Farasi wakakimbia barabarani, wakagonga teksi, wakavunja kioo cha basi la watalii, na wawili kati yao wakafika hadi Limehouse, upande wa mashariki wa jiji. Picha ya farasi mweupe aliyelowa damu kifuani ilifika hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia yangu, ambamo hakuna anayemiliki hata mbuzi. Baada ya siku chache nilijua kwamba yule mweupe anaitwa Vida na mweusi aliyekimbia naye anaitwa Trojan. Juni nikasoma kwamba wamepona na kushiriki gwaride la Mfalme. Jina la askari hata mmoja aliyeangushwa sikulisikia, na niseme kweli, sikulitafuta.

Mfalme mwingine, miaka 111 kabla ya hapo, alikuwa na farasi aliyeitwa Anmer. Tarehe 4 Juni 1913, kwenye mbio za Derby huko Epsom, Emily Davison, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliingia uwanjani na kusimama mbele yake. Wote watatu walikwenda chini: mwanamke, mpandaji Herbert Jones, na farasi. Anmer aliinuka mwenyewe na kumaliza mbio bila mtu. Jones alipata mtikisiko wa ubongo, akapona. Davison alifariki siku nne baadaye. Katika kasri, masikitiko yalikwenda kwa Jones na kwa farasi.

Turudi Ngong, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kugombana na mtu. Tunapomlaumu saisi anayemkimbilia farasi na kumwacha mtu chini, tunazungumza kana kwamba ana moyo wa jiwe. Hatuulizi anamwogopa nani. Saisi wengi hawana mkataba wa maandishi. Aliyeanguka ana kofia ngumu, ana wazazi, pengine ana bima. Ameweka sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba kupanda farasi ni hatari na kwamba yeye mwenyewe amekubali. Farasi hajaweka sahihi popote. Akivunjika mguu barabarani, atatafutwa mtu wa kumjibia, na mtu huyo hatakuwa yule kanga. Mwenye farasi alipofika asubuhi ile, alimfokea mzee mbele yetu wote kwamba mnyama yule ana thamani kuliko mshahara wake wa miaka kadhaa. Nadhani hesabu yake ilikuwa sahihi. Sentensi kama hiyo ikisikika mara moja zizini, saisi wote wanajifunza waende wapi siku nyingine, na hakuna somo la huduma ya kwanza litakalowarudisha.

Na si mazizini tu. Tazama bodaboda ikianguka mtaani. Wa kwanza kufika huinua pikipiki. Kuna akili kiasi ndani yake, maana injini inanguruma, petroli inavuja, bomba la moshi linaunguza mguu wa mtu, kwa hiyo kuzima ni kusaidia. Lakini baada ya kuizima wanaikagua. Taa imepona? Usukani umepinda? Pikipiki si ya dereva, ina tajiri wake anayengoja hesabu ya jioni, au ina mkopo. Dereva mwenyewe nimemwona, damu puani, akitambaa kuelekea kwenye chombo na akiuliza kama tangi limebonyea. Von Wangenheim angemwelewa. Kisha umati humgeukia yeye na kumfanyia lile ambalo mzee wa makoti mawili alilikataa: "Mwinue! Mwinue! Mpe maji!" Wanamvua helmeti kwa kuivuta, wanamketisha, wanampakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine, shingo ikiyumba.

Ningependa wenye farasi, na wenye pikipiki, waseme jambo moja kwa wafanyakazi wao kabla ya siku ya ajali, kwa sauti, na mashahidi wakiwepo: chombo kikipotea wakati ulikuwa na mtu chini, hutadaiwa. Bila kauli hiyo, kumtaka mtu maskini achague vizuri ndani ya sekunde tatu ni kumtaka alipe yeye gharama ya utu wetu.

Nilirudi kule wiki tatu baadaye, mpwa wangu akiwa bado na hamu, shangazi akiwa bado hajachangia mafuta. Mzee alikuwepo. Alikatwa mshahara wa kigwe na dawa ya mguu. Nilimkuta ameinama, kwato ya farasi yuleyule imelala pajani mwake, akiichokoa tope kwa kichuma. Nikamwambia kwamba nilivutiwa na utulivu wake siku ile, kwamba bila shaka alijua farasi angerudi nyumbani mwenyewe.

"Sikujua," alisema. "Kwa barabara ile, nilijua ameshakufa."

Akateremsha kwato, akapiga ubavu wa farasi ili ampe mguu wa pili.